Motokaa Ndogo: Mpya Kabisa, au Iliyotumika Kidogo?

Kijana aliyetoka shule hii na kupata kazi ya mshahara huwa na mambo matatu ya kutimiza. Kwanza hulipa ada ya wadogo zake. Pili hujenga vyumba viwili vitatu nyumbani kwa wazee wake. Baada ya hayo huanza kuwaza habari ya motokaa, na hapo ndipo taabu yake huanza, kwa sababu kila mtu anayemwuliza humpa shauri lake. Mmoja humwambia anunue mpya hata kama itambidi akope, maana anayenunua kitu kilichotumika hununua na maradhi yake. Wa pili humcheka, akamwambia kwamba mwenye akili hununua iliyokwisha tumika miaka michache, akaokoa nusu ya fedha. Wote wawili husema kweli kidogo, na wote wawili huacha jambo lililo kubwa kuliko bei.

Wanafunzi walio darasani wasifunue ukurasa mwingine kwa kudhani kwamba habari hii ni ya wazee wa shule peke yao. Hesabu zake ni zile zile za asilimia na riba wanazofundishwa, na kwa wengi wao motokaa ndiyo itakayokuwa deni lao kubwa la kwanza.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa Uganda, na hata kwa jirani zetu wa Kenya na Tanzania, neno "mpya" hutumiwa kwa namna ya ajabu. Motokaa iliyotembea Japani miaka sita, ikapandishwa meli, ikashushwa Mombasa, ikaja kwa barabara zaidi ya kilomita 1,100 mpaka Kampala, ikifika katika bondi huitwa mpya, kwa kuwa haijapata namba ya nchi. Ukiinunua, jirani watakuja kukupa hongera ya motokaa mpya, nao hawasemi uongo kwa jinsi wanavyolifahamu neno hilo. Katika habari hii nitaiita motokaa ya namna hiyo "iliyotumika kidogo," maadamu haijapita miaka saba hivi. Ile ambayo haijapata kumilikiwa na mtu yeyote, inayouzwa na wakala wa kiwanda, ndiyo nitakayoiita mpya. Iko na ya namna ya tatu, iliyotumika hapa hapa nchini na daktari, mwalimu au mwenye teksi, nayo nitaigusa baadaye.

Hizi zilizotumika si chache. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 motokaa zipatazo milioni 14 zilizokwisha tumika ziliuzwa katika nchi nyingine, na kama 40 katika kila 100 zilikuja Afrika. Sisi huletewa zaidi za Japani kwa sababu mbili. Kwanza, Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Mzee wa shule aliyepata kazi Kigali, Bujumbura au Goma asijidanganye na bei za Kampala, kwa sababu huko huendesha upande wa kulia. Pili, serikali ya Japani humtaka kila mwenye motokaa aipeleke kukaguliwa, mara ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, ambao wenyewe huuita shaken, una gharama kubwa, na watu wengi huona heri kuuza kabla siku yake haijafika. Kwa hiyo motokaa nzima huuzwa mapema kwa sababu ambayo si ugonjwa. Jambo hili yafaa kulikumbuka, maana swali la kwanza la kumwuliza mwuzaji yeyote ni hili: mwenyewe aliiuza kwa nini?

Sasa tuje kwenye fedha. Nitatumia bei za kufikirika tu, na kila msomaji ataweka bei zake. Tuseme motokaa ndogo mpya ni shilingi milioni 60, na iliyotumika miaka mitano ni milioni 32. Watu hutazama tofauti hiyo ya milioni 28, wakaishia hapo. Lakini bei siyo gharama. Gharama ni ile fedha isiyorudi mfukoni siku utakapoiuza motokaa. Motokaa mpya hupoteza thamani upesi sana katika miaka yake ya kwanza. Siku ile ile unayotoka nayo katika duka la wakala imekwisha kuwa motokaa iliyotumika, hata kama mita yake yasoma kilomita tano. Tuseme baada ya miaka minne ile mpya itauzwa milioni 30, na ile nyingine milioni 22. Ya kwanza imekula milioni 30, ya pili imekula milioni 10. Ile ya pili, kwa kuwa ina umri, itataka matengenezo zaidi. Tuhesabu milioni 2 za ziada kila mwaka, na jumla yake yawa milioni 18. Hata hivyo aliyenunua mpya amepoteza milioni 12 zaidi ya mwenzake.

Hiyo ni kama kila mmoja alilipa kwa fedha taslimu, jambo ambalo wachache wetu hulifanya. Tuseme wote wawili wamekopa fedha yote benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia moja na nusu kila mwezi juu ya deni linalobaki, na watalipa sawa sawa kwa miezi 48. Wa kwanza atalipa kama shilingi 1,762,500 kila mwezi, wa pili kama 940,000. Mwisho wa miezi hiyo wa kwanza atakuwa amelipa milioni 84 na laki 6, na riba peke yake ni milioni 24 na laki 6. Wa pili atakuwa amelipa milioni 45 na laki moja, na riba ni milioni 13 na laki moja. Mwanafunzi wa hesabu katika madarasa ya juu akae na kalamu ahakikishe. Tofauti ya riba ni milioni 11 na nusu. Ukiijumlisha na zile milioni 12 za kwanza, aliyenunua mpya amezidiwa kwa milioni 23 na nusu katika miaka minne. Na bado sijataja bima. Benki haimkopeshi mtu fedha ya motokaa bila kumtaka alipe bima kubwa, na bima hiyo huhesabiwa kwa thamani ya motokaa.

Mwenye kupenda mpya ana jibu moja la haki. Hasara ile ya miaka ya kwanza ni kubwa kwa mtu anayeuza baada ya miaka minne. Kwa mtu anayekaa na motokaa yake miaka kumi na miwili, akaitunza, hasara hiyo hugawanyika katika miaka mingi ikawa ndogo, naye hufaidi kujua kila kitu kilichoipata tangu siku ya kwanza. Tena mpya huja na dhamana ya kiwanda, mara nyingi ya miaka 3 au kilomita 100,000, lipi litangulie. Yapasa tu asome maandishi ya dhamana hiyo, kwa sababu mara nyingi humtaka apeleke motokaa kwa wakala kila wakati wa kubadilisha mafuta. Mwenye kukaa Arua, na wakala yuko Kampala, ahesabu na nauli ya dhamana.

Kama ingekuwa ni fedha tu, mtu angechagua kwa mfuko wake na habari ingekwisha. Lakini liko lile jambo nililosema ni kubwa kuliko bei, nalo ni maisha ya watu watakaokaa ndani. Wengi wetu huamini kwamba kitu kipya lazima kiwe salama kuliko kilichotumika. Kwa motokaa ndogo haikuwa hivyo siku zote. Kiwanda kimoja chaweza kutengeneza motokaa ya jina moja kwa masoko mawili. Mahali ambapo sheria yataka mifuko ya hewa, ile inayofumuka mbele ya dereva na abiria wakati wa kugonga, huiweka. Mahali ambapo sheria haitaki, huiacha ili bei ipungue. Ukizisimamisha pamoja, jicho halioni tofauti: rangi ni ile ile, taa ni zile zile, na mlango hufungwa kwa mlio ule ule. Wakati mwingine jina tu ndilo lililo moja. Suzuki Alto ya Japani ni motokaa nyingine kabisa kuliko Alto iliyotengenezwa India, na injini ya ile ya Japani haizidi sentimita za ujazo 660. Wazee wa shule wanaokumbuka Toyota Starlet, ambayo Wajapani waliacha kuitengeneza mwaka 1999, wajue kwamba Starlet iliyoanza kuuzwa Afrika mwaka 2020 hutengenezwa India na Suzuki, nayo ni ndugu wa Suzuki Baleno.

Mwezi wa Januari 2014 shirika liitwalo Global NCAP, lenye makao yake London, lilitangaza majaribio ya motokaa tano ndogo zilizouzwa India, zote za namna ya bei rahisi. Zilikuwa Suzuki Maruti Alto 800, Tata Nano, Ford Figo, Hyundai i10 na Volkswagen Polo. Kila moja iligongeshwa kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, na ndani yake yalikuwamo masanamu ya watu yenye vipimo. Zote tano zilipata nyota sufuri kwa usalama wa watu wazima. Hakuna hata moja iliyokuwa na mfuko wa hewa. Katika baadhi yao chumba cha abiria chenyewe kilikunjika, na hata mifuko ingalikuwamo isingaliwafaa sana. Polo ilikuwa na habari ya kufundisha zaidi: chumba chake kilisimama imara, lakini bila mifuko ilipata sufuri, Polo hiyo hiyo ilipojaribiwa ikiwa na mifuko miwili ilipata nyota nne. Yaani katika motokaa moja, tofauti ya kufa na kupona ilikuwa ni vitambaa viwili vilivyokunjwa na baruti yake.

Jaribio lililo karibu zaidi na swali letu lilifanywa baadaye. Halikuwa la motokaa ndogo bali la pikapu, hata hivyo sijaona mfano ulio wazi kuliko huo. Shirika lile lile, pamoja na chama cha wenye motokaa cha Afrika Kusini, lilichukua pikapu mbili za Nissan. Moja ilikuwa mpya kabisa, NP300 Hardbody iliyonunuliwa Afrika Kusini. Ya pili ilikuwa Navara NP300 ya mwaka 2015, iliyokwisha tumika, kutoka Ulaya. Zikagonganishwa uso kwa uso. Wachunguzi walisema kwamba dereva wa ile mpya ya Afrika huenda angalikufa, na dereva wa ile kuukuu ya Ulaya angaliweza kushuka akatembea. Ukiwaza kwamba mmoja alinunua mpya ili awe na usalama, na mwingine alinunua iliyotumika kwa kukosa fedha, utaona jinsi neno "mpya" linavyoweza kumdanganya mtu.

Nisieleweke kwamba nazitukana motokaa zote za India. Wao wenyewe walisikia aibu ya majaribio yale. Mwaka 2018 Tata Nexon ilipata nyota tano, ya kwanza kutengenezwa India kufika hapo, na mwaka 2023 serikali yao ilianzisha mpango wake wa kujaribu motokaa. Lakini mwaka 2020 Suzuki S-Presso ya India bado ilipata sufuri. Kwa hiyo anayekwenda kwa wakala asiulize rangi kwanza. Aulize kuna mifuko mingapi ya hewa, kama breki ni za ABS, zile ambazo hushika na kuachia upesi upesi ili magurudumu yasijifunge, na kama kuna kifaa kinachozuia motokaa kuserereka katika kona. Kifaa hicho kililazimishwa kwa motokaa zote mpya za Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2014, na Japani nayo ilikwisha kuweka sheria ya namna hiyo katika miaka ile ile. Majaribio ya Global NCAP yako wazi kwa watu wote kusoma katika intaneti. Tena asome kwa uangalifu motokaa iliyojaribiwa ilikuwa ya soko gani, maana nyota za Ulaya si nyota za Kampala.

Ndiyo sababu mimi, kwa mtu wa mshahara wa kawaida, huelekea upande wa iliyotumika kidogo kutoka Japani. Toyota Vitz ni mfano mzuri. Ilitokea mwaka 1999, ikabadilishwa umbo mwaka 2005 na tena mwaka 2010, na mwaka 2020 jina lake likabadilishwa Japani likawa Yaris. Zile zenye injini ya lita moja na silinda tatu, tangu ile ya mwaka 2005, huzungushwa kwa mnyororo wa chuma ndani ya injini, si kwa mkanda wa mpira unaotaka kubadilishwa kila mara. Vipuri vyake vyapatikana Kisekka na katika kila mji mdogo, na fundi wa kijijani ameifungua mara nyingi. Ziko pia Honda Fit, Mazda Demio na Toyota Passo, na hii ya mwisho ilitengenezwa na Daihatsu.

Lakini wale wanaoogopa maradhi ya kitu kilichotumika hawaogopi bure. Yako kweli, na mengi hayaonekani. La kwanza ni mita ya kilomita. Mita hurudishwa nyuma kwa kompyuta ndogo katika muda wa kunywa chai. Motokaa ya Japani mara nyingi hutembea kama kilomita 10,000 kwa mwaka. Ukikuta ya miaka saba yenye kilomita 28,000, yaweza kuwa kweli, lakini tazama mpira wa kanyagio la breki, tazama ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Vitu hivyo havijui kusema uongo. Kisha dai karatasi ya mnada. Motokaa nyingi za Japani hupita katika mnada, na wakaguzi huandika karatasi yenye picha ya motokaa na alama. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 ni la wastani, na R au RA maana yake iligonga ikatengenezwa. Katika picha, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipotengenezwa, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba ya fremu katika karatasi ilingane na ile iliyopigwa katika chuma. Mwuzaji akikwambia karatasi ilipotea baharini, muulize mbona motokaa haikupotea.

Inama utazame chini. Kaskazini ya Japani theluji ni nyingi, na barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi. Chumvi hiyo hula chuma cha chini, huku juu rangi yang'aa. Inua zulia na unuse. Motokaa iliyozama katika mafuriko huacha harufu ya ukungu, na matope makavu chini ya viti na ndani ya mashimo ya mikanda. Ukiwa hapo, vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho, utakuta kijitambulisho chenye mwaka uliotengenezwa. Mikanda ikiwa mipya kuliko motokaa, imebadilishwa, na mikanda haibadilishwi bila sababu. Tairi nazo zina umri. Katika ubavu wake, baada ya herufi DOT, mna namba nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri na umri wa miaka tisa itapasuka siku ya jua kali na mzigo.

Mfuko wa hewa, ambao nimeusifu, nao wataka uangalifu. Kiwanda cha Takata cha Japani kiliuza mitambo ya kufumua mifuko hiyo kwa Honda, Toyota, Nissan, Mazda na wengine wengi. Baruti yake iliharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ulipofumuka, chuma chake kilipasuka kikarusha vipande vilivyoua watu. Mitambo ipatayo milioni 100 iliitwa irudishwe kubadilishwa, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Motokaa zilizokuwa hatarini zaidi ni za tangu karibu mwaka 2000 hadi miaka ya katikati ya 2010, na hali ya hewa inayoharibu baruti hiyo ni kama ile ya Mombasa na ya kandokando ya Ziwa Nyanza. Kwa namba ya fremu yaweza kujulikana kama motokaa yako iliitwa na kama ilitengenezwa. Tena ukiwasha ufunguo, taa ya mfuko wa hewa katika dashibodi lazima iwake sekunde chache, kisha izime. Ikikaa imewaka kuna kosa. Isipowaka kabisa, jihadhari zaidi, maana huenda mtu aliificha kwa sababu mifuko ilikwisha fumuka katika ajali.

Jambo jingine huua motokaa hizi baada ya kufika kwetu. Vitz, Fit na nyingine za karne hii mara nyingi zina gia za namna ya CVT, ambazo hazina meno kama zile za zamani bali mkanda wa chuma kati ya magurudumu mawili yanayobadilika upana. Gia hizo zataka mafuta yake mahususi. Fundi asiyejua hutia mafuta yoyote ya gia za kujiendesha, na baada ya miezi michache motokaa hutetemeka kila inapoondoka. Basi hapo watu husema kwamba Mjapani aliuza mzigo mbovu, na kumbe aliyeiua ni kopo la mafuta. Redio, kwa upande wake, si ugonjwa. FM ya Japani huanza 76 ikaishia 95, na ya kwetu huenda mpaka 108, kwa hiyo utasikia stesheni mbili tatu tu mpaka ununue kifaa kidogo cha kubadilisha.

Ile ya namna ya tatu, iliyotumika hapa nchini, ni rahisi zaidi, na watu huidharau kupita kiasi. Faida yake ni kwamba historia yake iko karibu. Waweza kumwona mwenyewe, fundi wake na barabara aliyokuwa akipita. Mwalimu aliyeitunza Vitz yake miaka mitatu akahifadhi risiti zote ni mwuzaji bora kuliko bondi yenye bendera kumi. Lakini hakikisha kitabu cha motokaa, kile ambacho watu hukiita logibuku, kina jina la yule anayekuuzia, na kwamba hakikushikwa na benki. Iliyofanya kazi ya teksi iache, hata ikipakwa rangi namna gani.

Sheria yenyewe haitakuchagulia. Uganda mwaka 2018 ilikataza kuingiza motokaa iliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya huzikataa zilizopita miaka 8. Kwa hiyo motokaa ya miaka tisa, kumi au kumi na miwili hupita bandarini Mombasa ikiwa safarini tu, ikaja kusimama katika bondi zetu, na mwuzaji huiita iliyotumika kidogo kwa sababu inang'aa. Umri wa motokaa huhesabiwa tangu ilipotoka kiwandani, si tangu ilipovuka Malaba.

Nikiulizwa, basi, nitamjibu kila mtu kwa hali yake. Anayesafiri kilomita nyingi kila siku kwa kazi, mwenye fedha taslimu au mwajiri anayemsaidia, na anayekusudia kukaa nayo zaidi ya miaka kumi, anunue mpya, ilimradi ina mifuko ya hewa na imepata nyota. Kijana mwenye mke na watoto wawili, anayetaka kufika kazini, kanisani au msikitini, na nyumbani kwa wazee mara moja kwa mwezi, anunue iliyotumika miaka minne hadi saba, yenye karatasi ya mnada na usalama kamili, kisha abaki na akiba. Akiba hiyo isipungue sehemu moja ya kumi ya bei, nayo ni ya tairi, mafuta ya gia, breki na betri katika miezi sita ya kwanza. Asiyeweza kubaki na akiba hiyo hajaweza bado kununua motokaa, ijapokuwa bei yake anayo mkononi.

Na siku ya kwenda bondi, usiende peke yako wala usiende na shemeji anayependa magari. Nenda na fundi unayemlipa wewe. Fika asubuhi na mapema, uombe kuiwasha injini ikiwa baridi, kwa sababu injini mbovu husema kweli kabla haijapata moto: moshi wa buluu, mlio wa minyororo, kutetemeka. Gusa boneti kwanza kwa mkono. Ukikuta ina joto kabla hamjaiwasha, mwambie mwenye bondi kwamba mtarudi kesho alfajiri, na kesho yake mwende bondi nyingine.